Vitabu Mia Mbili

Ofisi ya wadi, Hindi. Milango miwili, dawati moja.
Mimi ndiye karani. Nimebaki na ufunguo
na kabati lililojaa vitabu vya stakabadhi
mia mbili, vingali vinanukia wino wa kiwandani.
Tuliviagiza mwaka ule vilipokuwa havitutoshi.

Mwaka ule malori ya bandari yalipita tangu alfajiri
hata kuku wa Hindi wakasahau kuwa barabara huvukwa.
Kila lori la mawe, ushuru. Kila lori la mchanga, ushuru.
Nilichana karatasi hadi kidole gumba kikaota sugu,
nikagonga muhuri hadi ukang'oka herufi,
neno KAUNTI likasomeka KAU,
na hakuna aliyelalamika: pesa zilisomeka zote.

Bwana Lali, msimamizi wetu, akanunua kalamu ya bei.
Akachora mstari ubaoni, ukapanda kama mkwezi mwenye haraka.
"Mwaka kesho," akasema, "tutakuwa hapa,"
na ubao ukawa umeisha, akatia alama ukutani.
Ingalipo. Rangi ya kuifunika hatuna.

Kwa alama ile tuliajiri askari wanane wa soko.
Tukajenga vibanda sitini vya mabati ya buluu.
Tukamwahidi Mwalimu Esha Kupi mshahara wa chekechea
kwa barua yenye muhuri ule ule kibogoyo.
Njambi akakopa, akafungua hoteli ya sahani mia.
Chengo akauza mikorosho ya babake, akajenga vyumba kumi vya kupanga.
Hata wafu walipata nafuu: tulifyeka makaburi.

Kisha Jumanne moja, nakumbuka kwa kuwa ni siku ya hesabu,
yalipita malori manne.
Jumatano, moja,
nalo lilibeba vitanda.
Mwisho wa mwezi kambi iling'olewa kwa ustaarabu mkubwa,
bolti kwa bolti, wakahesabu hata ndoo.
Mlinzi akaniletea bahasha: barua ya shukrani
kwa ushirikiano wetu mwema.
Nimeifaili. Kila kitu nafaili.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, tulizoea kusema.
Mgeni alikuja, mwenyeji akaajiri.
Mgeni kenda zake, mwenyeji anadaiwa.

Barabara imekatika karibu na msikiti, shimo la kuzika punda.
Tuliwaandikia wakubwa kisiwani. Wakasema ni ya Nairobi.
Nairobi wakasema ni ya mkandarasi.
Mkandarasi hana anwani,
ila kalenda aliyotugawia, yenye picha ya kreni,
nayo imeishia Desemba.

Askari wanane bado hufika saa mbili kamili.
Wanalinda vibanda. Vibandani wamo mbuzi.
Mbuzi hawalipi ushuru, ingawa Bwana Lali
aliwahi kuniuliza, kwa sauti ya chini,
kama kuna kifungu.

Akaja mkaguzi, kijana mpole, viatu vimejaa vumbi letu.
Nikamwonyesha soko, makaburi, majina ya askari,
deni la mabati, barua ya Mwalimu Kupi.
Akaandika, akaandika. Halafu akainua macho:
"Na hii alama ukutani ni ya nini?"
Nikamwambia: "Ndio mwaka huu."

Juzi kaja Mwalimu Kupi. Nilianza kuomba radhi
kabla hajaketi. Akanikata kauli:
hakufuata mshahara, alifuata karatasi,
watoto hawana pa kuandikia.
Nikampa vitabu kumi. Nikasaini mwenyewe, nikapokea mwenyewe.

Leo amenirudishia kimoja nikitazame.
Penye *Imepokewa kutoka kwa*, pana lori lenye kope.
Penye *Kwa ajili ya*, pana mbuzi, au labda ni Bwana Lali.
Na penye *Kiasi*, mtoto ameandika namba zote anazozijua,
moja hadi tisa, zimeshikana bila nafasi.

Tangu nianze kazi hii
sijawahi kuona mapato makubwa hivyo.
Nikafungua droo, nikatoa muhuri,
nikaupulizia pumzi kwa kuwa wino umekauka,
nikagonga.
KAU.