Itaendelea

Toleo la nane liliishia hapa:
Nkwimba yuko nje ya chombo, kamba imekatika,
filimbi yake inaelea mbali kama usufi wa pamba,
na povu la maneno mdomoni mwake ni jeupe, tupu.
Chini kulia, mwandiko wa Luhende: Itaendelea.

Haikuendelea.

Mimi nilikuwa mtu wa maneno na wa mashine.
Fotokopi yangu iko Makoroboi,
kati ya muuza vitenge na fundi saa.
Luhende alikuwa mkono.
Alichora nyuma ya karatasi za kiwanda cha minofu,
hata ukiinua ukurasa kwenye taa
unaona kilo za sangara zikipita ndani ya sayari.

Wazamiaji wa Anga, ndivyo tulivyowaita, watano:
Kokushubira, aliyepima mabondo Kirumba mpaka akaweza
kushika mwezi kiganjani na kukutajia uzito wake;
Bwire, rubani asiyeona, anayesikia nyota zikikohoa;
Masalu, akikasirika anageuka jiwe,
si jiwe la hivihivi, jiwe la Mwanza,
lililokaa juu ya jiwe jingine na halianguki;
Odipo, mdogo wao, kazi yake kula kutu;
na Nkwimba, akipuliza filimbi muda unasimama.

Adui alikuwa Gugu. Wa kwetu mnamjua.
Analala juu ya mwanga kama anavyolala juu ya maji,
kijani, mpole, ana na maua ya zambarau,
na kesho yake huna pa kupitisha kasia.

Kisha Luhende akaenda Nyarugusu kufuata dhahabu.
Nilipiga, nikapiga. Alijibu mara moja, kwa ujumbe:
mikono imekuwa ya sururu, kalamu zinanivunjikia.

Ng'washi wa darasa la nne hakuelewa habari za sururu.
Kila Jumamosi alipanda ngazi, mia tano ameifumbata.
"Limetoka?"
Halijatoka.
"Hewa yake imebaki kiasi gani?"
Tukasoma geji kwenye mchoro: dakika kumi na mbili.
Vuli tatu zimepita.
"Basi wewe ndiye unayembania," akasema,
akashuka na mia tano yake.

Kweli nilijaribu.
Nilichora mkono wa Masalu ukimfikia;
ukatoka mkia wa sato.

Jumamosi iliyopita umeme ulikatika mji mzima.
Nimekaa gizani na harufu ya wino,
akaja na karatasi ya daftari la hesabu, miraba yote ile,
na Nkwimba ndani yake, kichwa kikubwa kuliko chombo,
anavua ndala.
Anaitupa gizani kwa nguvu zake zote.
Naye anarudi nyuma, taratibu, mgongo ukitangulia,
hadi mlangoni.

"Hakuna wa kumwokoa?" nikauliza. "Wenzake wote hao?"
"Madamu Nyamizi alisema ukisukuma ukuta,
ukuta nao unakusukuma."
"Na ndala kaitoa wapi? Si amevaa suti ya anga?"
Akanitazama kama mtu aliyeombwa chenji ya shilingi kumi.
"Amevaa juu yake."

Povu lile tupu alikuwa amelijaza, kwa penseli,
herufi kubwa zinazogombania nafasi:
SHIKENI MLANGO.
Maneno mawili.
Mimi miaka mitatu nilikuwa nikiwatafutia hotuba.

Umeme uliporudi, mashine ikakohoa, ikapata joto.
Nikatoa nakala hamsini, na moja ya ziada
nikaikunja kwenye bahasha ya kupeleka Nyarugusu.
Sikuandika barua.
Pembeni kabisa mwa ukurasa, kwenye giza la penseli
lililokolezwa mpaka karatasi ikatoboka,
ndala bado inakwenda,
ya mguu wa kushoto.