Tani Hamsini Zinakutosha

Mbuke, umekufa mara sita tangu magharibi
na bado unataka mizinga miwili.

Sogea. Toa mkono kwenye kipanya.
Hebu tulitazame hili dude lako likiwa bado gereji,
kabla hawajalirudisha vipande vipande.

Umelipakia kama mtu anayehama Igogo usiku
akidaiwa kodi ya miezi minne:
kitanda, kabati juu ya kitanda,
jiko, ndoo, na kuku mmoja kwapani.
Mizinga miwili, makombora mabegani,
leza kila penye kitundu,
halafu miguuni umelivua deraya
upate nafasi ya risasi.
Nani alikwambia vita hupigwa kwa mabega peke yake?
Mguu ukikatika, mizinga yako ni chuma chakavu,
na wa kukupima kwa kilo hayuko mbali.

Anza na la kati. Tani hamsini zinakutosha.
Jepesi linataka vidole vilivyokwisha kosea mara elfu.
Zito linataka subira,
na subira yako niliiona
siku ile uliposhika bawaba kabla haijapoa.

Weka leza nne za wastani. Leza haiishiwi.
Risasi huisha kama bando,
katikati ya sentensi.
Na silaha zako zote zifike umbali mmoja,
usije ukafyatua huku unapiga hesabu
hii inafika, ile inaangukia njiani.

Sasa joto.
Hapa nisikilize kama fundi, si kama mchezaji.
Unaijua mashine yetu ya kuchomelea,
ile ya bluu niliyoinunua kwa Malugu:
ukiunga geti zima bila kuipumzisha
inanyamaza, haiagi,
na mteja kasimama pale pikipiki inanguruma.
Dude nalo ni hivyo hivyo.
Mshale ukiingia kwenye nyekundu linazimika
nawe umo ndani, gizani,
unaziona taa zao zinakuja.

Kwa hiyo ng'oa mzinga mmoja.
Ndiyo, ng'oa. Usinune.
Na huo mwingine nao, kesho utanishukuru.
Tani zake zigawe: hizi vipoza joto,
hizi zirudishe miguuni.
Piga mara mbili, pumua.
Piga mara mbili, rudi nyuma ya jabali.

Jabali sikufundishi.
Umekulia Mabatini, nyumba zimekaa juu ya mawe
kama vyombo vilivyosahauliwa kwenye kichanja;
mama yako alikutafuta na fimbo
ukamchungulia kwa jicho moja, jioni nzima.
Ni hilo hilo tu. Onyesha bega, ficha moyo.

Ngoja, umeme umecheza. Umerudi.
Hao wadudu wa ziwa kwenye kioo usiwafute kwa kiganja,
watapakaa, utawapiga leza ukidhani ni adui.

Jina? Liite upendavyo.
Furu?
Samaki mdogo hivyo, Mbuke?
Sangara aliwala karibu wote.

"Karibu," akasema, "si wote,"
akabonyeza kuingia.

Dakika ya tatu. Ya tano.
Bado anatembea.

Nami nikarudi kwenye kiti changu, kwenye langu,
tani mia, mizinga minne, miguu mitupu.
Yote niliyomwambia nayajua.
Ila nikishashinda siku nzima nakata vyuma vya watu
kwa vipimo vya watu,
kwa rangi waliyoichagua wao,
usiku nataka kelele ambayo ni yangu.

Nikafyatua yote kwa pamoja pale darajani.
Ilikuwa tamu, sitasema uongo.
Kisha kioo kikawa cheusi, mshale umekwama juu,
na hatua nzito zinakuja, zinakuja,

na kutoka kiti cha pili, bila kunitazama,
"Fundi," akasema, "pumua."