Andika, Laini i Wazi

Andika, Shufaa. Leo laini i wazi.
Nimeamka najua ni Jumanne,
najua honi ile ni ya feri, Likoni,
najua na baba yenu amekufa.
Ziko asubuhi, nasikia, anazokufa upya machoni pangu
kwa kuwa nimeuliza yuko wapi
na mmoja wenu akanijibu kweli.
Msinijibu kweli.
Semeni yuko bandarini, zamu ya usiku.

Unatua kalamu. Wasema, mama, huo ni uongo.
Mwanangu, miaka ishirini na miwili nilikaa ofisi ya simu,
vyuma masikioni, naunganisha watu.
Mtu akitakwa, akawa hapatikani,
hatukumkatia aliyepiga.
Tulimwambia: subiri kidogo, bado najaribu.
Andika.

La pili. Badi atapiga kutoka Doha,
sauti juu, pesa mbele, atataka nipelekwe India.
Msalimie. Mwambie mama alikataa akiwa na akili zake,
mbele ya Daktari Mwakera,
na sahihi ndiyo hii, imepinda lakini ni yangu.
Neno la mwisho ni lako wewe unayefua shuka.
Msinifungulie grupu la mchango.
Nyumba hii ya Kibokoni usiuzwe hata mlango wake
kununua miezi ambayo sitajua kama ni miezi.

Kombe nitakunywa. Kombe halina dhara,
na napenda harufu ya zafarani.
Lakini wakisema nina pepo, watoe nje kwa heshima.
Huu ni ugonjwa, una jina. Daktari alinitajia,
nikalisahau papo hapo, tukacheka sote watatu.

Chakula mnilishe kwa mkono.
Mbaazi zipondwe, mahamri yarowekwe kwenye chai,
na chumvi utie, presha na ijue njia yake.
Siku koo litakaposahau kumeza
msinitie mpira puani.
Lowesheni pamba, mnipanguse midomo, mkae karibu.

Anikogeshe mwanamke, chini ya leso.
Itafika siku sitajua haya ni kitu gani.
Haya yangu naiweka kwako, amana.

Na nikiamka saa nane za usiku nataka kwenda kazini
usinigombe, usinivute mkono.
Nivishe buibui. Tushuke ngazi,
tufike hadi baraza ya kina Mwanahalima,
kisha uniambie: mama, wenzako wameshapokea zamu.
Nitarudi. Mimi ni mtu wa kupokezana.

Nikikuita Zeyana, itika.
Zeyana ni dada yangu, nilimpenda kabla yako.
Usilie jikoni ukidhani umefutwa.
Umehamishiwa tu kwenye nambari ya zamani.

Tumefika wapi?

*Kwenye Zeyana, mama.*

Zeyana amekuja?

*

Nje, muadhini alikuwa akisafisha koo kwenye kipaza sauti.
Chai yake ilikuwa imeshika utando.
Aliitazama karatasi, akautazama mkono wangu,
akauliza mwandiko mzuri hivi ni wa nani.
Nikamwambia ni wa Shufaa.
Akasema mwambie Shufaa ahsante.

Kisha akainua shingo kuelekea mlangoni
kama mtu aliyesikia kengele chumba cha mbali.
"Na baba yenu, mbona leo amechelewa?"

Nilikuwa na karatasi mkononi.
Nilikuwa nimeiandika mimi, neno kwa neno,
na bado ulimi ulikwenda kwanza kwenye kaburi
kabla sijaurudisha.

Yuko bandarini, nikasema. Zamu ya usiku.

"Ah," akasema, na mabega yake yakashuka,
"basi muwekee wali. Asije akalala na njaa."

Nikatoa sahani ya tatu.