Ukuta wa Kati

Bwana Threlfall kavua viatu mlangoni kwa Bi Glenys,
mvua ya Stockport yamchuruzika,
tochi mkononi, rula mdomoni.
Sisi tunaojenga jiko ndio tunaomlipa
apime nyufa zake
kabla nyundo yetu haijasingiziwa.

"Huu je?"
"Wa zamani. Usiku Clive alipoondoka
aliubamiza mlango."
Anaandika: milimita mbili, ulikuwepo.

Tuliusikia mlango ule.
Tukaongeza sauti ya redio.

Wahenga walisema ziba ufa;
huyu kazi yake kuuandika tu,
pauni mia na ishirini kwa saa.
Na mimi, jirani wa miaka kumi na tisa,
ndiyo kwanza naingia chumba hiki,
chai yake yaniunguza vidole,
nautazama, kwa upande wa pili,
ukuta ninaouegemea nikilala.