Hapa Tunapanda Mahindi

Mgeni alishuka garini pale Kikorongo,
kofia mpya, lebo bado inaning'inia ukingoni,
akauliza kwa Kiswahili cha kitabuni:
"Tembo tutampanda wapi?"

Nikacheka. Nisameheni.
Mimi Ithungu, binti wa mchimba chumvi wa Katwe,
kitenzi hicho nimekizoea kwingine.
Hapa tunapanda mahindi, nikamwambia,
tunapanda pamba mvua ikikubali,
tunapanda mlima kwenda kwa shangazi, kule Bugoye.
Bei ya sukari nayo hupanda, haimwombi mtu ruhusa.
Tembo hapandwi.

Hakukasirika. Alitoa picha mkobani:
mama yake, nchi nyingine, mwaka haukuandikwa,
ameketi juu ya kiti cha mbao juu ya tembo,
anatabasamu kama aliyeshinda bahati nasibu.
Mimi sikumtazama mama.
Nilitazama nyuma ya sikio la mnyama,
vitundu vidogo vimepangana kama mshono wa cherehani.
"Ni ugonjwa?" akauliza.
"Ni ndoano," nikasema.
Tangu akiwa mtoto, kamba miguuni, mama yake hayupo,
mpaka siku aliposahau kwamba ana nguvu.
Ndipo wakamletea kiti.

Akairudisha picha mkobani, taratibu,
kama mtu anayerudisha kisu mezani.

Basi twende kwa miguu, nikamwambia.

Nisikudanganye, msomaji, mimi simpendi tembo
kama wanavyompenda kwenye fulana.
Alikula ada ya shule ya Mbambu usiku mmoja,
akaila pamoja na mabua.
Tulipiga madebe, tukachoma pilipili kwenye kinyesi kikavu,
moshi ukatuliza sisi kuliko yeye.
Kaka yangu Muhindo hadi leo anachechemea.
Nimemlaani tembo kwa Lukonzo, kwa Kiswahili,
na kwa lugha ambayo haina jina.
Lakini kumlaani ni jambo moja.
Kumvunja moyo ili nimkalie mgongoni,
hilo hata hasira yangu haikuwahi kuliwaza.

Nikamwonyesha ua wetu:
mizinga ishirini na miwili juu ya waya mmoja.
Waya ukiguswa na kifua, mizinga yote hutikisika,
na mwenye ngozi nene kuliko mlango wa kanisa
hugeuka akaenda zake, kwa sababu ya nyuki.
Mgeni alicheka kwa mara ya kwanza.
Asali akalamba kidoleni, kofia imemwinamia upande.

Alasiri tulikuwa ndani ya boti, mfereji wa Kazinga.
Nahodha akazima injini bila kuombwa.
Walikuwa ukingoni, kumi na mmoja,
na kitoto kimoja ambacho hakijaujua mkonga wake:
kiliuzungusha, kikaukanyaga,
mwisho kikapiga magoti kikanywa kwa mdomo kama mbuzi.
Mgeni aliinua kamera. Akaishusha.
"Karibu mno ni umbali gani?" akanong'ona.
"Masikio yakifunguka, umeshapita."
Hayakufunguka.
Hatukuwa kitu kwao. Sijawahi kuona mtu
akafurahi namna ile kwa kutokuwa kitu.

Kesho yake, kabla ya gari kuja, aliomba jembe.
Nikamwonyesha: shimo, punje mbili, udongo, hatua moja mbele.
Alichimba mashimo manne, mgongo ukamuuma,
akasema sasa anajua mgongo ni nini.
Akiulizwa kwao, "Ulipanda?"
atajibu ndiyo, wala hatakuwa amedanganya.

Shimo lake la mwisho liliota miche mitatu.
Alikosea hesabu. Ilibidi ning'oe mmoja.
Hilo sikumwandikia.