Bawaba kwa Ndani

Mwendwa amechora safu kwenye daftari la mraba,
daftari la hesabu la mtoto, jina lake bado liko jaladani:
safu ya bei, safu ya maji, safu ya shule,
safu ya dakika kutoka kazini kwake hadi kitandani.
South B ina alama nyingi. Donholm inaifuata unyo unyo.
Kahawa Wendani ameiandika kwa penseli,
maana moyo wake uko huko
ila mkopo wa sako haufiki.

Jumamosi sita mfululizo tumechakaza viatu.
Dalali Gichohi ana funguo kama askari jela
na neno moja kwa kila dosari: kidogo.
Ufa ni kidogo. Unyevu, kidogo.
Kule Utawala ndege ilipita juu yetu,
vikombe vikatetemeka kabatini mwa mtu tusiyemjua.
Akangoja ipite.
"Hiyo? Kidogo tu. Mtazoea."
Nikasema moyoni: hata jipu huzoeleka.

South C mvua ilikuwa imekesha.
Nilimwacha Mwendwa akipima sebule kwa hatua
nikatoka kuutazama ukuta wa jirani.
Mstari wa tope, umenyooka kama wa rula,
usawa wa goti langu.
Ukuta hauna udalali wa kulipwa.

Umoja nilimkuta kijana wa mkokoteni, mitungi ishirini.
"Biashara vipi huku?"
"Mama, namshukuru Mungu. Huku sikosi."
Nikarudi nikamwambia Mwendwa, futa.
Mtaa ambao mwuza maji anamshukuru Mungu
si mtaa wa kununua nyumba.
Akacheka, lakini akafuta.

Kuna safu ambayo hakuichora, nami sikumwambia.
Kila nyumba tuliyoingia nilibaki nyuma,
nikaushika mlango, nikaufungua, nikaufunga,
nikazipapasa bawaba kama ulimi unaotafuta jino bovu.
Gichohi alidhani nahofia wezi.

Mwaka wa tisini na saba, Huruma, orofa ya tatu,
kodi ya miezi miwili.
Mwenye nyumba hakututukana. Alikuja na bisibisi
na kijana wa kumsaidia kubeba.
Alifungua parafujo moja baada ya nyingine, akazitia mfukoni,
maana hata parafujo zilikuwa zake,
wakauchukua mlango wakashuka nao ngazi
taratibu, wakipishana kwenye kona,
kama watu wanaompeleka mgonjwa hospitali.
Mama akatundika leso. Ilikuwa ya njano.
Nimesahau ilisema nini.
Siku kumi na moja, upepo na macho ya watu
viliingia bila hodi.
Nilikuwa darasa la nne. Nililala na viatu miguuni.

Tumeangukia Komarock. Si nzuri kuliko zote.
Upepo ukigeuka unaleta harufu ya jaa la Dandora,
jiko ni la mtu mmoja na sufuria yake,
na Mwendwa anaomboleza dakika zake arubaini.
Lakini maji huja Jumanne na Ijumaa,
hati tumeipekua kwa wizara, imetoka safi,
na jirani, mama mmoja aitwaye Akeyo, alitoka na upawa mkononi
akatueleza, bila kuulizwa,
nani kwenye mstari huu hulipa pesa ya mlinzi
na nani hujifanya amesafiri.
Nikampenda hapo hapo.

Siku ya kutia sahihi wakili aliuliza kama kuna jingine.
Mwendwa akasema hapana.
Nikasema lipo.
Mlango wa mbele unafungukia nje,
bawaba zinatazama barabara. Ugeuzwe.
Muuzaji akamtazama wakili, wakili akatazama saa.
Mwendwa akafungua daftari, akatafuta
pa kuliandika hilo, asipaone.
"Bawaba kwa ndani," nikasema tena.
"Parafujo nitanunua mwenyewe."