Swichi ya Kuchechemea

Niliinunua Halifax, juu kilimani, mvua ikipiga kwa ubavu,
kwa Bi Maureen Ackroyd, pauni thelathini na kikombe cha chai:
mashine ya ngoma, nzito kama tofali,
vitufe kumi na sita, vitatu vimedidimia.
"Ilikuwa ya Clifford," alisema. "Sijui kama bado inasema."

Saumu alinipokea mlangoni kwa macho tu.
Chini ya kitanda chetu vimelala vinanda vinne vya umeme,
cha tano kimesimama wima nyuma ya kabati la nguo
kama mgeni aliyekosa pa kukaa.
"Na hii italala wapi?"
Mezani, nikasema, wiki moja.
Wiki zangu anazijua.

Mchana mimi hutengeneza lifti za hospitali.
Najua mashine hudanganya kwanza,
husema kweli ukishaifungua.
Usiku, chini ya taa, moshi wa lehemu ukinipanda puani,
nikabandika vipande vya plasta juu ya vitufe
nikaandika majina niliyokulia:
vumi, chapuo, msondo, kayamba.
Kiwandani walikuwa na yao.

Nikabonyeza namba kumi na mbili
na Clifford akaingia.

Vumi lilikwenda sawa. Kayamba likachekecha.
Ila chapuo, kila pigo la tatu,
lilichelewa, kwa unywele mmoja tu,
kama mtu mwenye goti bovu anayepanda ngazi
na hataki kushikwa mkono.
Nikarudia. Nikarudia tena.
Saumu akaja, mswaki mdomoni:
"Huyu alikuwa akichechemea?"
Huenda, nikasema.

Sasa, betri ya kumbukumbu ilikuwa imetoa ukoga wa kijani
unaoutafuna ubao.
Ukiitoa, kila alichokipanga kinafutika.
Usipoitoa, itakula yote.
Nikageuza bili ya gesi, nikachora visanduku kumi na sita,
nikamwandika marehemu kwa nukta, pigo kwa pigo.
Kisha nikakata.

Betri mpya. Kapasita mpya kumi na moja.
Nikazirudisha nukta kama bili ilivyosema,
nikabonyeza kumi na mbili,
ikaenda sawasawa. Sawasawa kabisa. Askari wa gwaride.
Chapuo likafika kwa wakati
kama lifti niliyoitengeneza mwenyewe.

Nikakaa.
Kumbe kuchechemea hakukuwa mkononi mwake.
Kulikuwa ndani ya kapasita moja kuukuu, inayovuja,
niliyoitupa kwenye kopo la biskuti pamoja na nyingine kumi.
Au labda (hili nililiwaza saa nane usiku)
alisikia inaugua
akaupanga mdundo uufae ugonjwa.

Nikalipekua kopo. Nikazijaribu moja moja.
Ya tisa ikachechemea.
Nikatoboa tundu ubavuni mwa mashine
("Umeiponya, sasa unaitoboa?" Saumu, kutoka jikoni)
nikafunga swichi ndogo iliyotoka kwenye lifti ya wodi ya wazazi,
ile ya kuzuia mlango usijifunge.
Kushoto, mzima.
Kulia, yeye.

Jumamosi nikaibeba kupanda kilima.
Nikaiweka mezani kwa Bi Maureen, kati ya siagi na barua za benki,
nikaanza kushoto.
Alisikiliza kwa adabu
kama asikilizaye utabiri wa mvua ya mji mwingine.
Nikasukuma kulia.

Akainuka. Akaenda kuufunga mlango wa ngazi,
mlango uliokuwa umefungwa tayari.
"Kila usiku nilimwambia apunguze," akasema,
mgongo umenielekea.
Mkono wangu ukaenda kwenye kitufe cha sauti.
"Si wewe," akasema.